Asilimia Mia ya Mzee Ngumbao

Koo ndilo lililonistaafisha. Bi Salma, mkuu wa kituo chetu cha redio pale Malindi, alikuja kuthibitisha tu: akaniletea keki, akasema maneno mazuri mbele ya wafanyakazi, nami nikamjibu kwa sauti kama ya mlango wa banda la kuku. Nyinyi vijana mnaobaki kwenye kipaza sauti mkaniambia, Baba Honi, tuandikie ulivyofanya kazi. Haya. Nitaandika, lakini mjue mwandishi wenu aliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa karibu na dirisha. Nikitoka nje ya njia msinikimbilie kunivuta. Mimi hurudi mwenyewe.

Kutangaza mpira sikukusomea. Nilikuwa kibarua wa chumvi Gongoni, nikikwangua vidimbwi na kusukuma toroli. Kazi ya chumvi huanza kula visigino. Ngozi hupasuka, chumvi ikaingia kwenye ufa, na jioni unatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Dawa yake ni mafuta ya nazi na kulala miguu juu, na wala huponi, unazoea tu. Jumapili vibarua tulicheza mpira kwenye kiwanja kigumu kama sahani. Mimi sikuwa mchezaji. Timu ikipungukiwa na mtu, walimwita mpishi kwanza. Basi nilisimama pembeni nikipiga kelele juu ya kila kinachotokea, na kelele hizo ndizo alizozisikia Mzee Athman.

Mzee Athman alikuwa Mbajuni wa Ngomeni. Siku za kazi aliuza samaki, Jumapili alitangaza mashindano kwa kipaza sauti cha mkono, kile cha betri, ambacho sote tulikiita honi. Jina langu limetoka hapo, kwa wale mliodhani niliwahi kuendesha lori. Honi ile ilikula betri kama mbuzi aliyeingia shamba la mtu. Kando yake, mchangani, alikaa ndugu yake Bakari, ambaye haoni tangu utotoni. Na siri ya Mzee Athman ilikuwa hiyo: hakuutangazia uwanja. Alikuwa akimwambia Bakari mpira unavyokwenda, sisi wengine tukafaidi.

Siku yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya sala ya alasiri. Mzee Athman alinitupia honi, akasema, "Shika. Mwambie Bakari."

Nikavuta pumzi. "Mpira unakwenda! Unakwenda huo! Lo, umekwenda!"

Bakari akanigeuzia uso. "Umekwenda wapi, baba? Sokoni?"

Watu walicheka mpaka mshika kibendera akakiangusha. Tangu siku hiyo nikajifunza kusema nani, katokea wapi, kapiga kwa mguu gani, na nani yuko mbele yake. Nikisema "kipa hodari," Bakari aliuliza, "Kafanya nini?" Nikisema "timu hii ndiyo bora," aliuliza, "Kuliko nani?" Hakuwa na ukali. Alitaka kuuona mpira kama watu wengine, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake nikimkinga.

Baada ya honi nilipata jenereta na spika za harusi, halafu redio ilipofunguliwa wakaja kunitafuta. Mambo ya vyombo nitawapa kwa ufupi, maana vyenu ni vizuri zaidi. Kipaza kivisheni soksi, upepo wa uwanjani usiwafanye msikike kama mnakaanga samaki. Soksi iwe safi, utaikaribia kwa mdomo. Maji ya barafu msinywe, hata jua likiwaka vipi. Kunyweni tangawizi. Nambari za jezi msiziamini: nimetangaza mechi yenye namba tisa wawili na wa tatu aliyeandikiwa kwa mkaa. Ukitaka majina ya wachezaji muulize anayefua jezi. Yeye anajua nani ni nani, na nani anavaa ya nani.

Sasa, takwimu. Hizo zilikuja na Kahindi.

Kahindi wote mnamjua, ni mkubwa wenu sasa. Alitoka chuo Mombasa na kompyuta mgongoni, na kabla ya kuifungua alinishika mkono akaniamkia, "Shikamoo, Baba Honi." Nikaitikia marahaba, nikampenda hapohapo. Mtu mwenye adabu hufundishika, naye hukufundisha bila kukuumiza. Kwa sauti ni mkavu kidogo, lakini alijua mambo: historia za timu, sheria mpya, nani kahama wapi. Tatizo lilikuwa ile hamu ya nambari. Alisikiliza wale watangazaji wa televisheni wa ligi za ng'ambo, ambao hawawezi kumwacha mtu afunge kamba ya kiatu bila kuihesabu, akataka nasi tufanane nao.

Akawa anasema hewani, "Kipa huyu hajawahi kufungwa bao katika uwanja huu!" Watu wanashangilia. Na ni kweli hajafungwa, kwa sababu ndiyo kwanza anaukanyaga. Siku nyingine: "Mshambuliaji huyu amefunga asilimia mia ya penalti zake." Nikamwuliza wakati wa mapumziko kapiga penalti ngapi. "Moja," akasema, na hakuona la kucheka. Mara "umiliki wa mpira asilimia sitini kwa arubaini," nami namtazama, hana saa, hana kidude chochote, ana chupa ya soda.

"Nani kapima, Kahindi?"

"Nakadiria, Baba Honi."

"Basi sema nakadiria. Ukisema asilimia, umeivisha koti na tai. Watu watasimama kuipisha kama inapita na askari."

Alicheka, nami nikacheka. Sikupigana naye. Wasikilizaji walizipenda nambari zile, vinyozi walizirudia, na nambari ya uongo juu ya mpira haimuui mtu. Jumapili ijayo mpira wenyewe unaisahihisha. Mzozo wetu wa kweli ulikuja siku nambari ilipotoka kwenye mpira ikamkalia mtu.

Msimu ule timu ya Chumvi Kali, vibarua wa chumvi na vijana wachache wa kijiji cha Adu huko bara, ilikuwa ikipanda vizuri kwenye kombe la vijiji vyetu na miji jirani, ambalo huchezwa kwa pointi hadi nusu fainali. Beki wao wa kushoto aliitwa Kazungu, na babu yake, Mzee Ngumbao, alikuja kumtazama. Mzee aligeuza dumu la maji juu chini, akakaa pale kwenye kibendera cha kona, bakora magotini, kichwa cheupe kama pamba. Wazee wenzake wengi hupaka piko nywele zikawa nyeusi. Yeye hakupaka.

Kwa wale mliokuja kazini kutoka kwingine, hapa lazima nieleze, na wala sielezi kwa furaha. Huku kwetu bara kidogo ya pwani, shida ikikosa mwenyewe, wako watu humtafutia mwenyewe, na huanzia kwenye kichwa chenye mvi. Mtoto kaugua, ng'ombe kafa, kijana kakosa kazi, basi ni fulani, mzee yule, karoga. Nimeona nyumba ambazo mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka, na mwenyewe hayupo tena na hakuna anayetaka kusema alikokwenda. Ndiyo maana piko inauzwa sana kuliko urembo unavyohitaji. Kwa hiyo mzee wa huku si mtu wa kutaniwa kwamba analeta mkosi. Mtu wa mpira unaweza kumtania. Mzee, hapana.

Siku hiyo Chumvi Kali walikuwa wakicheza na timu ya Malindi mjini, na walikuwa nyuma kwa bao moja. Mpira ukatoka, ukaenda kona, ukasimama miguuni kwa Mzee Ngumbao. Kahindi akaona nafasi.

"Wasikilizaji, takwimu ya kufurahisha hapa! Yule mzee pale kona, Mzee Ngumbao wa Adu: kila mechi aliyokaa pale msimu huu, Chumvi Kali wamefungwa. Kila mechi, Baba Honi! Asilimia mia!"

"Tazama mpira, Kahindi," nikasema. "Kona inapigwa."

Lakini maneno yalikwisha toka, na redio haina ulimi wa kuyameza. Chumvi Kali walifungwa. Jioni ile kinyozi wangu Gongoni aliniambia, wembe uko shingoni, "Kumbe yule mzee ndiye anawafunga vijana?" Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilivyonitisha. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Siku ya pili mchana alikuja nyumbani kwangu Sidi, binti wa mzee, anayekaanga mihogo pale stendi ya pikipiki Gongoni. Hakutaka kiti.

"Baba, mmemtaja baba yangu redioni."

"Tumemtaja, mwanangu."

"Vijana wa pikipiki wanapita mbele ya nyumba yake Adu wanapiga honi, wanaimba 'asilimia mia.' Na leo alfajiri ameamka akakuta imeandikwa ukutani kwa mkaa. Mia, na kile kijialama. Mzee hajui kusoma, akaniuliza mimi, Sidi, hii ni nini? Nimwambie ni nini?"

Nikamsogezea tena kile kiti.

"Nimemleta kwangu, atalala jikoni," akaendelea. "Nimemwambia nimpake piko, amekataa. Anasema mvi hazijaiba kitu cha mtu. Baba, nawajua watu wetu. Leo mkaa, kesho ni nini?"

Tulikwenda kwa chifu, mimi, Sidi na Kahindi. Kahindi alipousikia ule mkaa rangi ilimtoka. Chifu alitusikiliza, akasema atawaita vijana na wazee wa mtaa, na kweli aliwaita, lakini alipotusindikiza mlangoni aliniambia, "Honi, mimi nitakemea watu ishirini barazani. Nyinyi mliwaambia watu wa tarafa nzima."

Nikarudi kwa Bi Salma nikamwambia tunataka saa ya michezo ya Alhamisi yote, tuseme juu ya jambo hili. Yeye ni mwanamke mwangalifu, na uangalifu wake umekiokoa kituo mara nyingi.

"Mzee Honi, ukilitaja tena jina la yule mzee utauchochea moto. Liache lipoe lenyewe."

"Halipoi, Bi Salma. Nusu fainali ni Jumapili. Chumvi Kali wakifungwa mzee hayuko, watasema aliwaroga akiwa mbali. Wakishinda hayuko, ndiyo basi, imethibitika, asikanyage tena uwanja wala kijiji. Jumapili vyovyote itakavyokuwa yeye ndiye atalipa. Lazima iwe kabla ya mechi."

"Na mkiharibu zaidi?"

"Jambo tuliloliwasha kwa kipaza hatutalizima kwa kunong'ona."

Akachukua kalamu yake, akaiweka tena. "Alhamisi," akasema. "Lakini mje na maneno, si hasira."

Maneno ndiyo hatukuwa nayo. Kahindi alikuja na wazo lake la kwanza: tumlete mzee Jumapili akae palepale, Chumvi Kali washinde, nasi tutangaze kwamba asilimia mia imevunjika. Niliwaza nikaona ni shimo lilelile, tumebadilisha mlango tu.

"Na wakifungwa?"

Akafungua mdomo ajibu, nikamtangulia.

"Na wakishinda, halafu wafungwe fainali? Utakuwa umemfanya mzee wa watu hirizi. Kila Jumapili watu wamtazame yeye badala ya goli. Mimi sitaki ile hesabu ishinde wala ishindwe. Nataka ife."

Tulikuwa tumekaa kwa Sidi stendini, tunakula mihogo yenye pilipili nyingi kuliko ilivyohitajika, nadhani alitukusudia. Mzee Ngumbao mwenyewe alikuwa ndani. Kahindi akamwuliza Sidi, kwa unyonge tu, "Dada, kwa nini mzee haji kila mechi? Mbona zile Chumvi Kali walizoshinda hakuwapo?"

"Aje na nini? Kutoka Adu? Huja lori likiwachukua."

"Lori gani?"

"Lori la chumvi. Si mwenyekiti wa timu hulituma kubeba mashabiki, mechi ikiwa kubwa? Zile ndogo hakuna lori, mzee hubaki nyumbani na mbuzi wake."

Kahindi akaacha muhogo hewani. Nikaona uso wake unafunguka kama dirisha. "Mechi kubwa," akasema. "Timu ya mjini, timu ya Kilifi, wale wenye makocha na viatu. Zile ambazo Chumvi Kali hufungwa kila msimu, hata miaka ambayo Mzee Ngumbao hakuja kabisa. Baba Honi, si mzee anayewaletea mabao. Ni mechi ngumu ndiyo inayomleta mzee!"

"Sema tena polepole," nikamwambia, "kama unamwambia Bakari."

Akasema tena. Mara ya tatu Sidi naye alianza kucheka, kicheko cha kwanza kwake siku zile. "Basi na mimi ni asilimia mia," akasema. "Mimi hupanda lori hilohilo likipita hapa."

Hapo ndipo tulipoyapata maneno. Lori zima lilikuwa asilimia mia.

Alhamisi tulimwalika studioni Charo, nahodha wa Chumvi Kali. Kijana mwema, bega pana, lakini alikuwa miongoni mwa waliosema mzee asije. Kahindi hakumlaumu mtu kwanza. Alianza na yeye mwenyewe: akasema ile takwimu aliitoa yeye, ilikuwa ya kipuuzi, na imemfukuza mzee kwake. Halafu akamgeukia.

"Kapteni, mama yako huja kukutazama?"

"Huja. Zile mechi kubwa. Lori likienda Adu."

"Mechi ya timu ya mjini alikuwapo?"

"Alikuwapo."

"Mliendaje?"

"Tulifungwa."

"Ile ya Kilifi?"

"Alikuwapo. Tulifungwa." Charo akaanza kuona anakopelekwa, akasogeza kiti.

"Kuna mechi mama yako alikuja mkashinda, msimu huu?"

Charo akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi asilimia ngapi, kapteni?"

"Aka! Mama yangu mwacheni!" Charo akainuka nusu. "Mama yangu ana kosa gani? Amepanda lori tu!"

"Na Mzee Ngumbao?" nikamwuliza. "Yeye alipanda nini? Ungo?"

Alikaa. Alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, taratibu, "Alipanda lori."

Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, sauti juu: "Hapa Mama Kadzo wa Adu! Mimi nami nilikuwa kwenye lori, na mume wangu, na shemeji yangu mnene aliyetunyima nafasi. Mtuandike sote kwenye hiyo asilimia!" Akafuata mchungaji, akasema naye yumo, na huombea timu kila mara, hivyo hesabu yake ni ya kutia aibu zaidi. Dereva wa lori akapiga: "Mimi ndiye mkubwa wao. Mimi nimewaleta wote." Studio ikacheka mpaka Bi Salma akachungulia kwenye kioo, naye anacheka mkono mdomoni.

Sitawadanganya kwamba wote walikuwa hivyo. Mmoja alipiga akasema, "Lori ni lori na mvi ni mvi. Nyinyi wa redio hamjui mambo ya usiku." Nikamwambia, "Ndugu yangu, tupe jina lako na mtaa wako, kama tulivyotaja la mzee, tuongee sawa kwa sawa." Akakata. Vijana, hilo lishikeni: nambari ikimtaja mtu kwa jina, na anayeitetea awe na jina.

Ijumaa Kahindi alimrudisha mzee Adu, akabeba na ndoo ya chokaa, akaupaka ule ukuta. Alipaka mbele tu, mzee akamwambia si vizuri nyumba kuvaa kanzu mbele na nyuma iko uchi, akarudi Jumamosi kumaliza.

Jumapili asubuhi nilikwenda Adu. Nilimwuliza Mzee Ngumbao kama ana hakika anataka kuja, maana hakuna wa kumlazimisha.

"Wewe Honi, nilikuja uwanjani kwa ruhusa ya redio?"

"La, mzee."

"Basi sitaacha kwa amri ya redio."

Lori lilipofika, alishuka na dumu lake akaenda kona yake. Na wale wa lori, mama yake Charo mbele, Mama Kadzo, mchungaji, wote wakamfuata wakakaa palepale kwenye kona moja, wamebanana kama dagaa, wakati uwanja mzima uko wazi. Hakuna aliyewapanga.

Nikamwambia Kahindi, "Leo hakuna takwimu. Leo kila kitu tutasema kimetoka wapi."

Chumvi Kali walifungwa mbili bila.

Ndiyo. Niliitangaza mechi ile kama sijawahi kutangaza nyingine. Bao la kwanza: Kazungu, beki wa kushoto, alipanda mbele na mpira, akanyang'anywa, akabaki huko ameshika kiuno, na winga wao akapita kwenye nafasi aliyoiacha, peke yake, kama mtu anakwenda dukani. Nikalisema hivyo. Nikalirudia. La pili: mpira wa kona, kipa akatoka, akaghairi, akatoka tena, na kichwa kikamkuta katikati ya nia mbili. Nikalisema pia, na Kahindi akaongeza jua lilikuwa machoni mwake. Filimbi ya mwisho ilipolia spika za uwanjani zilikuwa bado zinatoa sauti yetu, na niliogopa kunyamaza. Nilijua kwenye kile kimya cha baada ya kufungwa ndipo mtu mmoja hunyoosha kidole. Nikaendelea kusema, koo linawaka, nafasi ya kushoto, nafasi ya kushoto, kipa, jua. Naamini siku hiyo ndipo koo lilipoanza kunivunjikia, na siidai redio kitu.

Watu wakageuka kutazama kona. Niliwaona wanageuka, na wale vijana wa pikipiki walikuwa wanaelekea huko.

Mzee Ngumbao alikuwa amesimama. Bakora iko juu, mvi zinang'aa, na anapiga kelele zilizotufikia hata sisi bila kipaza.

"Kazungu! We Kazungu! Umepanda juu, kushuka hukufundishwa? Nani atakushushia, mimi? Nyumbani leo hakuna ugali!"

"Babu, kocha ndiye alinituma mbele!" mjukuu akalia kutoka katikati ya uwanja.

"Kocha gani? Kocha huyu anajua mpira au anajua kuvaa filimbi tu?"

Kijana wa pikipiki wa mbele, na nilimtambua, maana pikipiki yake ina bendera nyekundu na ndiyo iliyokuwa ikipita Adu, alifika pale kona akasimama. Uwanja mzima ukamtazama. Akakuna kichwa.

"Lakini mzee, kosa si la Kazungu. Kipa alitoka kufanya nini?"

"Kipa alikuwa na jua, hukusikia redioni?"

"Jua! Kipa wa upande wa pili hakuwa na jua?"

"Jua lilikuwa nyuma yake, mjinga wewe, una macho ya mapambo?"

"Mimi nasema ni kocha," mama yake Charo akaingilia, na wote wakamgeukia, na hapo nikazima kipaza.

Walikwenda hivyo mpaka kwenye lori, kundi zima, wanabishana. Mzee alishindwa kupanda nyuma kwa sababu ya goti, na yule kijana wa bendera nyekundu akampa bega, akamwinua, huku hajaacha kusema kwamba kipa ni wa kubadilishwa. Mzee akaketi kwenye dumu lake. Lori lilipoanza kuondoka alikuwa bado ameinamia ubavuni, anamwelekezea bakora, anamwambia asubiri, hajamaliza naye, na kijana akawasha pikipiki akawafuata nyuma kwenye vumbi ili amjibu.